Mbwa wa Amana wa Bwana Afya

Bwana Afya alikuwa mwoga kuliko watu wote niliopata kuwajua, na hayo nayasema mimi ambaye hupiga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Lakini woga wake ulikuwa na utaratibu. Sisi wengine wa mtaa wa Malindi hapa kisiwani, katika ile miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, tuliogopa ovyo: leo tunaogopa gari lililosimama karibu na msikiti, kesho tunaogopa kwa nini halikusimama. Yeye aliogopa kwa zamu. Asubuhi aliogopa mitungi isiyofunikwa, nzi, na maziwa yaliyolala. Mchana, akishavua kofia ya kazi, alimwogopa mtu yeyote aliyekaa barazani bila ya kuzungumza. "Mtu asiyesema," alikuwa akiniambia, "ujue anasikiliza."

Jina alikuwa nalo, lakini hata mkewe alimwita Bwana Afya, na sioni kwa nini mimi nijifanye namjua kuliko mkewe. Kazi yake ilikuwa afya ya mji. Alifunua mapipa, alichungulia visima, alimwaga mafuta kwenye madimbwi ya mbu. Aliwahi kumwandikia muuza juisi wa mtaani barua kali ya onyo, na kesho yake nikamkuta amesimama pale pale anakunywa juisi. Nilipomkodolea macho alifuta mdomo akasema hakuna juisi safi mjini kama ya mtu aliyeonywa jana.

Habari za vijidudu alikuwa tayari kukueleza hadi chakula kikushinde. Habari za nchi hakuzigusa hata kwa ukucha. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, alijibu kwamba bado hajaarifiwa.

Na kulikuwa na jambo moja la kazi yake ambalo pia hakulisema. Watu wengi walikuwa wameondoka kisiwani kwa haraka: Magoa, Wahindi, Wazungu wachache waliokuwa wamebaki. Walichukua masanduku yao, wakaacha mbwa wao. Mbwa hao walikaa wiki moja wiki mbili kwenye ngazi za nyumba zao, wakingoja mlango ufunguliwe. Mlango ulipofunguliwa alitoka mtu mwingine, na fimbo. Basi wakashuka majaani na sokoni. Amri ikija ya kusafisha mji, aliyetakiwa kuchanganya nyama na sumu na kuitandaza majaani alikuwa yeye. Siku za amri hizo hakula mchana. Mkewe alidhani anafunga sunna, akamsifu kwa majirani.

Mkewe huyo, Bi mmoja mnene mwenye sauti ya kuweza kumwita mtu aliye Bububu, kijiji cha nje ya mji, ndiye aliyeniingiza katika mambo haya. Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa kwanza, nikisomesha huko huko Bububu lakini nikikaa mjini kwa shangazi yangu, nyumba inayotazamana na yao. Alasiri moja aliniita dirishani.

"Mwalimu! Hebu njoo, mwanangu."

"Naam, Bi."

"Bwana yule ana mwanamke."

Nikamwambia Bwana Afya hana hata rafiki, sembuse mwanamke.

"Ananunua nyama robo kila siku, na jikoni kwangu haifiki. Na akirudi anakosha mikono kwa udongo! Mara saba, nimehesabu mie mwenyewe. Mwanamke gani huyo, mpaka mtu ajikoshe kwa udongo?"

Mtu aliyesoma chuo cha Kurani angeelewa hapo hapo. Mara saba, moja kwa udongo: ndivyo tulivyofundishwa tangu watoto kutwahirisha kilichoguswa na mate ya mbwa. Mimi nilikuwa nimesoma chuoni, na nikaanza kumtafuta mwanamke. Kesho yake nilimfuata Bwana Afya kwa mbali, nikijificha vibaya, mpaka kwenye ghala la dawa alilolisimamia. Mlangoni palichorwa fuvu la kichwa cha mtu kwa rangi nyekundu. Mji mzima hapakuwa na mtu aliyepita karibu na mlango ule kwa hiari yake. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango.

Chupa za sumu zilikuwa kabatini, zimefungwa kwa kufuli. Chini, juu ya gunia, alikaa mbwa. Alikuwa na uso na masikio ya mbwa wa polisi na miguu mifupi ya mbwa wa jaani. Alikuwa chotara, ingawa neno hilo mwaka ule ulilipima kwanza kabla ya kulitamka, hata ukimsema mbwa. Bwana Afya alikuwa amechuchumaa mbele yake, amevaa mifuko ya gunia mikononi kama glavu, anamwambia, "Kula polepole. Kitafune."

Nilipiga chafya. Ghala lile lilikuwa na dawa ya unga.

Alitoka akiwa hana rangi usoni. Aliponiona ni mimi rangi ikarudi nusu.

"Unafuga mbwa, Bwana Afya?"

"Sifugi! Astaghfirullahi. Nimewekewa. Huyu ni amana."

"Amana ya nani?"

Akafikiri kidogo. "Mwenyewe hajapatikana. Ndiyo nnamtafuta."

Kisa kilikuwa hivi. Mbwa yule aliila nyama yake jaani, akaanguka, akaitapika, na asubuhi ya pili Bwana Afya alipokwenda kukusanya mizoga alimkuta amekaa anamngoja. "Alinitazama," aliniambia. Baadaye akaongeza kwamba kumpa mtu sumu mara moja ni kazi, kumpa mara ya pili ni uadui. Alisema "mtu". Sikumsahihisha.

Tangu siku ile alimlisha, akamfunga kidonda cha shingo, akamsafisha kupe kwa koleo. Lakini hakumgusa kwa mkono mtupu hata siku moja. Gunia kavu baina yao, kisha kopo la udongo, kisha mara saba. Nilimwona akipoteza hesabu kwenye ya tano na kuanza upya, huku mbwa anamtazama kwa subira.

"Anaitwa nani?" niliuliza siku ile ya kwanza.

Bwana Afya alifunga mlango. Akatazama dirishani. Akaniinamia sikioni: "Mheshimiwa."

Mbwa akainuka, akatikisa mkia.

Alikuwa mbwa wa fundi cherehani, Mgoa. Bwana Afya alimsikia fundi akimwita uani kila alipokwenda kukagua mapipa. Fundi alimpa jina lile wakati wa chaguzi za zamani, siku ambazo kila mtu wa tatu barazani alitaka kuwa mheshimiwa, na mbwa huyu alikuwa na mwendo wa kupokea salamu. Wakati ule ulikuwa mzaha. Sasa neno lilikuwa na wenyewe, wakubwa wa serikali. Fundi alikuwa ameshaondoka, mzaha wake umebaki hapa una miguu minne, na kwa jina jingine lolote haukugeuka.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na vyeti vyangu, kwa hiyo nilimwambia Bwana Afya aniachie mimi. Tulifundishwa kumtoa mwanafunzi kwenye anachokijua kwenda kwenye asichokijua. Nikachagua neno linalokaribiana: Mshumaa. Kwa siku tisa nilikaa katika ghala la sumu nikimwambia mbwa "Mshumaa, njoo". Alinitazama kama mkaguzi wa shule. Siku ya kumi nilijaribu kusema "Mhesh-", nikaogopa sauti yangu mwenyewe, nikaenda nyumbani.

Wakati ulikuwa hautungoji. Kabla ya sherehe za mwaka za Mapinduzi mji ungesafishwa tena, na safari hii mkubwa wake Bwana Afya alitoa taarifa kwamba atakagua ghala mwisho wa mwezi. Mbwa angekutwa. Akikutwa angeuawa, na Bwana Afya angeulizwa anamwitaje.

Tulianza na nesi mmoja Mkristo wa Mkunazini, mwanamke jasiri aliyekuwa na ua lenye ukuta mrefu na hamu ya mbwa wa kulinda kuku. Alimpenda papo hapo. Alimshika masikio, akamwambia mzuri, akashika kamba. Kisha akauliza jina.

Bwana Afya alimnong'oneza. Nesi alitazama ukuta wa ua. Mumewe alikuwa karani katika ofisi kubwa.

"Na haitikii jingine?"

"Bado, Bi. Mwalimu amejaribu."

"Sasa asubuhi nikitaka aingie ndani niseme nini? Nipige filimbi? Huku ukutani nna jirani, na jirani ana masikio kama mbwa wenu." Akamrudishia Bwana Afya kamba, akanawa mikono, machozi yanamtoka. "Nendeni naye. Na msiniambie mmempeleka wapi."

Ndipo Bwana Afya akamkumbuka msasi wa Kizimkazi. Alimjua kwa ajili ya kukagua visima vya kusini. Ni mzee aliyekuwa akiwinda nguruwe wanaofukua mihogo, na mbwa wake wawili walikuwa wamepasuliwa na nguruwe mmoja. Alipelekewa habari, akajibu aletwe. Lori la kupiga dawa ya mbu lilikuwa linakwenda kusini siku ya Alhamisi. Bwana Afya alipanda katika nguo zake za kazi, mbwa kamba shingoni katikati ya makopo ya dawa. Mimi nilipanda kwa sababu aliniomba, na sikuweza kupata uongo kwa haraka.

Kwenye kizuizi cha njia ya kusini alikuwapo askari mmoja kijana mwenye bunduki, na sufuria ya mihogo ikichemka karibu na kisima. Alituamuru sote tushuke. Dereva alishuka, mimi nikashuka, na mbwa aliposikia harufu ya sufuria alishuka kuliko wote. Kamba ilinitoka mkononi. Ndiyo, ilikuwa mkononi mwangu mimi.

Akafika kwenye sufuria. Askari akainua bunduki.

"Mwiteni mbwa wenu, au nampiga!"

Nilifungua mdomo. Naweza kuapa kwamba niliufungua. Hakikutoka kitu. Nikasikia bunduki ikikokiwa, na pembeni yangu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya yule mtu anayengoja kuarifiwa kuhusu mvua, ikipaa juu ya barabara nzima:

"Mheshimiwaaa!"

"Naam!" akaitika askari.

Alikuwa kijana. Nadhani hakuwahi kuitwa hivyo tangu azaliwe. Bunduki ilishuka yenyewe na akasimama wima kupokea ombi. Lakini mbwa naye alikuwa ameitika, amekuja mbio, ameketi mguuni kwa Bwana Afya, anatikisa mkia kwenye vumbi.

Askari alimtazama mbwa. Alimtazama Bwana Afya. Tabasamu lilimwondoka polepole.

"Ulimwita nani?"

"Wewe, Mheshimiwa."

Mbwa akabweka.

Sijui kama mnajua ukimya wa mahali ambapo watu wanne wanafikiri jambo moja na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema. Mihogo ilikuwa ikichemka. Dereva alikuwa ameangalia viatu vyake.

"Huyu mbwa anaitwa nani?"

"Hana jina. Mbwa wa kuuliwa hupewa jina?"

"Ahaa. Wa kuuliwa." Askari akapokea hilo, kisha akaligeuza. "Basi muue hapa."

Bwana Afya alikuwa na mkoba wa kazi begani, wenye sumu. Nilidhani yamekwisha. Badala yake alirudi nyuma hatua mbili, akaufunika mdomo kwa kitambaa, na akaanza kuogopa kwa sauti.

"Amekugusa? Mate yake yamekuangukia? Hebu nionyeshe mikono. Ile sufuria, alitia mdomo? Kijana, usile mihogo ile. Huyu ninamshuku ana kichaa. Nampeleka mbali na visima, damu yake isimwagike hapa mnapochota maji. Ukimpiga risasi hapa, kisima hiki nakifunga leo, nawe unakwenda kupigwa sindano za tumboni. Umepata kupigwa? Tumboni, zunguka kitovu."

Hakuwa mwigizaji. Aliyasema hivyo kwa sababu hofu zote alizokuwa nazo za miaka ishirini zilikuwa tayari mdomoni, zimepangwa. Yule kijana alirudi nyuma mpaka akagonga kizuizi chake mwenyewe.

"Piteni," akasema. "Piteni, piteni!"

Kosa ni kwamba dereva naye alisikia. Alipanda lori lake peke yake, akafunga vioo. "Bwana Afya, mnisamehe. Mie nna watoto." Akaondoka, na habari ya mbwa mwenye kichaa ikaondoka naye kwenda kusini, kwa mwendo wa lori. Sisi tuliifuata kwa miguu.

Tulipofika Kizimkazi, alasiri, miguu yangu imechubuka, wanaume wanane au tisa walikuwa wamesimama njiani na magongo. Msasi alikuwa mbele. Nayaandika maneno yake kwa lugha ya mjini kwa sababu lugha ya kwao siiwezi na nikiijaribu watanicheka.

"Rudi naye, Bwana Afya. Dereva keshatwambia."

"Huyu mbwa ni mzima."

"Wewe ndiye uliyesema ana kichaa."

"Nilisema uongo."

"Kwa nini?"

Sasa hakuwa na njia. Akieleza kwa nini, aeleze na jina, mbele ya watu wote wale. Nilimwona akiwahesabu. Kisha akasema, "Nileteeni maji."

Mtu mmoja alisukuma kifuu cha maji kwa ncha ya gongo. Kila mtu anajua mbwa mwenye kichaa huyakimbia maji. Mbwa wetu, aliyetembea jua zima, aliyanywa yote. Magongo yalishuka kidogo, lakini hayakushuka kabisa.

Hapo Bwana Afya akavua mifuko yake ya gunia. Akautia mkono wake mtupu katika maji yaliyosalia, akaunyoosha umelowa mbele ya mdomo wa mbwa. Mbwa akaulamba: kiganja, baina ya vidole, mpaka kwenye kifundo, akirudia rudia, kama mtu aliyenyimwa kwa miezi. Bwana Afya alifumba macho. Mkono hakuuondoa.

"Basi," msasi akasema taratibu. "Mlete."

Ilipofika zamu ya jina, Bwana Afya alimvuta pembeni na kumnong'oneza. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Huku waheshimiwa hawafiki," alisema. "Na siku wakifika, mimi na huyu tutakuwa mwituni." Kisha akaenda kumletea udongo na maji, akamwagia mikono yeye mwenyewe, akimhesabia kwa sauti asije akapotea.

Wiki tatu baadaye Bwana Afya aliitwa kuulizwa. Alikaa siku nne huko alikokaa. Aliporudi hakuwa na ghala tena. Alipewa kazi ya kuandika orodha za vyoo katika chumba kisicho na dirisha. Tulipokutana njiani siku ya kwanza nilimwamkia, akapita kama hakuniona. Siku ya pili vile vile. Nilijua kwamba ananilaumu kwa ile kamba. Na lazima niseme ukweli, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeusema: nilishukuru. Kutojulikana na Bwana Afya, wakati ule, kulikuwa na faida zake. Nikahamia Bububu kabisa.

Nilimwona tena miaka minne baadaye, kwenye ngazi za moja ya zile nyumba ndefu za Michenzani, ambako alikuwa amegaiwa vyumba ghorofa ya tatu. Nilikuwa nimekwenda kumtafuta mtu mwingine. Alikuwa amekonda, ameshikilia ukuta.

"Shikamoo, Bwana Afya."

Alitazama juu ya ngazi, akatazama chini. "Marahaba, Mwalimu." Kisha, kwa haraka, "Bado hujaitwa?"

"Kuitwa wapi?"

"Waliniuliza yule wa tatu ni nani. Nikawaambia alidandia lori tu, simjui. Dereva naye alisema hakumbuki. Ndiyo nikawa sikuitikii njiani, wasije wakatuona tunajuana." Akapumua. "Umekuwa mtu mzima. Alhamdulillahi."

Nilikuwa na hotuba nyingi siku zile, nikijitayarisha kwenda chuo kikuu bara. Hakuna hata moja iliyofaa.

"Kusini hujapata kwenda?" akaniuliza.

"Sijaenda. Wewe?"

"Nitakwendaje? Nikienda mimi watanifuata, nikifuatwa watamwona. Miaka minne sijui kama amepata kwao au aliishi pale kwa kuvumiliwa tu. Nenda wewe, Mwalimu. Umtazame, urudi uniambie. Usinifiche."

Nilikwenda Jumapili ile. Sikulala usiku wa kuamkia, na njiani kila aliyenitazama nilidhani ananijua. Jumatatu nilipanda zile ngazi. Mkewe alinifungulia, akaniacha na mumewe, aliyekuwa ameketi kitandani ameweka mikono magotini.

"Hakunijua," nilimwambia. "Msasi hakuwapo, alikuwa shamba. Mbwa alikuwa amelala mlangoni, na mke wa msasi yuko ndani anasonga ugali. Nilipokaribia mbwa aliinuka akaningurumia. Nikamsemesha, akazidi. Nikapiga hatua, akanionyesha meno. Nilisimama juani mpaka yule Bi alipotoka akamshika shingo, tena kwa kumvuta."

"Hakukuachia ukafika mlangoni?"

"Hakuniachia hata kidogo."

Bwana Afya aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na nilidhani nimemuumiza, mpaka alipouinua uso, anacheka.

"Basi pale ni kwao," akasema.